Je, nisimamishe udaktari nikachukue uzamivu? Jibu kwa mwanafunzi anayetaka kutibu na kutafiti

"Shikamoo daktari. Niko mwaka wa tatu wa udaktari na nimeshaanza kuingia wodini. Mwaka jana nilijiunga na mhadhiri mmoja anayefanya utafiti wa wagonjwa wa figo. Kazi yangu ni kunakili namba kutoka kwenye mafaili, lakini tangu hapo sijatulia. Nikimwona mgonjwa najiuliza kwa nini huyu ameharibikiwa figo, na yule wa kitanda cha pili, mwenye ugonjwa uleule, hajaharibikiwa. Mhadhiri ananishauri nisimamishe masomo baada ya mwaka huu, nifanye shahada ya uzamivu, kisha nirudi kumalizia udaktari. Baba anasema nimalize kwanza, mengine yatafuata. Wenzangu wananiambia mshika mawili moja humponyoka, na kwamba utafiti ni wa wanaoogopa wagonjwa. Takwimu nilipata C. Naogopa nitaishia nusu daktari, nusu mtafiti. Nifanyeje?"

Marahaba. Naona ndani ya swali lako mna maswali matatu: kama jambo hili linawezekana, kama ulifanye sasa au baadaye, na kama wewe mwenyewe unafaa. Nitaanza na hilo la mwisho, maana nahisi ndilo linalokukosesha usingizi.

Alama ya C haikuzuii. Mtihani wa takwimu hupima kama unakumbuka kanuni ipi inatumika wapi. Utafiti unadai zaidi ya hapo: uitilie shaka namba mpaka ujue imetoka wapi. Chukua hiyohiyo kazi ya kunakili unayoiona ndogo. Tuseme kwenye safu ya kreatinini, ile taka ya damu ambayo figo huiondoa, mgonjwa wa kwanza ameandikiwa 1.1, anayemfuata 97, wa tatu 1.3, wa nne 115. Programu ya kompyuta itazipokea zote bila kulalamika na itakupa wastani, na wastani huo hautakuwa na maana yoyote. Wewe uliyekwisha kukaa na wagonjwa wa figo utashtuka. Ile 1.1 ni miligramu kwa desilita, ile 97 ni mikromoli kwa lita, na ukizidisha 1.1 kwa 88.4 unaona hao wawili wana kiwango kilekile. Ndivyo ilivyo pia kwa 1.3 na 115. Maabara ilibadilisha kizio wakati fulani, mafaili ya zamani na mapya yakaingizwa kwenye jedwali moja. Mtaalamu wa takwimu asiyezijua figo anaweza kupitwa na hilo, na daktari asiyegusa data hatalikuta kamwe. Ukilinasa kosa la namna hiyo ukaenda kuuliza maabara ilibadilisha kizio mwezi gani, tayari unafanya kazi ya daktari mtafiti.

Takwimu utalazimika kuisoma upya, hilo sikufichi. Lakini isome ukiwa na data yako mkononi na swali linalokuwasha. Wanafunzi wengi waliokuwa wakisinzia darasani nimewaona wakikaa mpaka usiku na somo hilohilo, kwa sababu safari hii walitaka kujua jibu.

Sasa hao wanaosema utafiti ni wa wanaoogopa wagonjwa. Waambie habari ya watoto wenye homa kali. Kwa miaka mingi mtoto aliyefikishwa hospitali akiwa na homa, miguu na mikono ya baridi na mapigo dhaifu ya mishipa, mwongozo ulitaka amiminiwe haraka maji mengi ya mshipani. Hoja ilikuwa nzuri: mzunguko wa damu umelegea, ongeza ujazo, viungo vipate oksijeni. Tena mtoto alionekana kuchangamka mapema, na daktari aliyeyaona hayo kwa macho yake ungemwambia nini? Ndipo timu ya madaktari katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, ikiongozwa na daktari wa watoto Kathryn Maitland, ikaamua kulipima jambo ambalo kila mtu aliamini analijua. Watoto 3,141 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakamiminiwa maji haraka, wengine wakapewa maji ya kawaida ya kuwatunza tu. Wenye kuhara na wenye utapiamlo mkali hawakuhusishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Ndani ya saa 48, kati ya kila watoto 100 waliomiminiwa maji walikufa zaidi ya 10, na kati ya kila 100 ambao hawakumiminiwa walikufa kama 7. Kinachouma zaidi ni kwamba katika saa ya kwanza waliomiminiwa maji ndio walioonekana kupata nafuu kwa wingi zaidi. Daktari aliyeishia kutazama saa ile ya kwanza asingejua kamwe.

Swali hilo liliulizwa na watu waliokaa na wagonjwa, wakaona kitu, wakakataa kuridhika na hoja nzuri. Ndiyo maana ninajali sana kwamba wanafunzi kama wewe wasipotee njiani. Anayeishi maabara peke yake hakutani na mtoto huyo. Anayeishi wodini peke yake hana namna ya kujua kwamba watatu kati ya mia wangepona asingewagusa.

Kuhusu mshika mawili, wenzako wana ukweli kiasi. Ukijaribu kuwa daktari kamili wa kila ugonjwa, mwenye zamu zote, na papo hapo uwe mtafiti kamili, kimoja kitakuponyoka, na mara nyingi huponyoka utafiti kwa sababu mgonjwa hasubiri. Madaktari watafiti waliofanikiwa hawaishi hivyo. Huupunguza upana wa tiba. Kila mmoja anabaki na ugonjwa mmoja au kundi dogo la magonjwa, ana kliniki yake siku moja au mbili kwa wiki, na hapo anaona wagonjwa wengi wa aina ileile mpaka anawajua kuliko mtu mwingine yeyote. Muda unaobaki ni wa utafiti, na unalindwa. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zinapompa daktari kijana ruzuku ya kujijenga kitafiti, kwa kawaida humtaka mwajiri wake amtengee angalau asilimia 75 ya muda wake wa kazi kwa ajili hiyo. Ni sharti kali, na lina sababu.

Sababu yenyewe ni hii. Kazi ya wodi huja vipandevipande na akili huizoea: unaitwa, unaamua, unaandika, unaenda kwa mwingine. Utafiti hauendi hivyo. Ukifungua faili la data saa nne usiku baada ya zamu, nusu saa ya kwanza inaishia kukumbuka uliachia wapi, ni wagonjwa gani uliwaondoa na kwa nini. Ukishakumbuka, macho yamefumba. Kesho yake unaanza tena palepale. Mwaka mmoja wa namna hiyo unaweza kuzaa kazi ndogo kuliko wiki sita mfululizo. Maabara ndiyo kabisa, seli zinazokuzwa kwenye sahani zinahitaji kulishwa siku yake ikifika, uwe na mtihani au usiwe nao. Wanafunzi wengi wanaojiona hawana kipaji cha utafiti, ukichunguza, hawakuwahi kupewa hata mwezi mmoja usiokatwakatwa.

Kuna dhana nyingine nataka niisahihishe, ambayo nadhani mhadhiri wako anayo: kwamba bila uzamivu huwezi kuwa mtafiti wa kweli. Joseph Goldstein na Michael Brown walikuwa madaktari, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na uzamivu. Swali lao lilitoka kwa wagonjwa waliorithi kiwango kikubwa mno cha lehemu (kolesteroli) katika damu, wengine wakipata shambulio la moyo wangali watoto. Walichukua seli za ngozi za wagonjwa hao, wakazikuza maabara, wakaziweka kando ya seli za watu wenye afya. Seli yenye afya ikipewa lehemu inayosafiri kwenye damu huacha kujitengenezea ya kwake. Seli za wagonjwa ziliendelea kutengeneza kana kwamba hazijapewa kitu. Wakafuatilia mpaka wakakuta kwamba juu ya seli hizo kipokezi cha kuinasa lehemu hakifanyi kazi au hakipo kabisa. Hiyo ilikuwa miaka ya 1973 na 1974. Mwaka 1985 wakapewa Tuzo ya Nobel, na kazi yao ndiyo iliyotueleza kwa nini dawa za statini hushusha lehemu: ini hulazimika kuongeza vipokezi hivyo.

Lakini angalia wasije wakakudanganya kwa upande wa pili. Hawakuwa na uzamivu, ila walifunzwa. Baada ya kuhitimu udaktari walikaa miaka kadhaa katika maabara za Taasisi za Taifa za Afya, Goldstein chini ya Marshall Nirenberg na Brown chini ya Earl Stadtman, wanasayansi wa kemia ya uhai waliokuwa wakali kweli kuhusu ushahidi. Hapo walijifunza mambo ambayo shule ya udaktari haifundishi: kuweka kundi linganishi kabla ya kusherehekea matokeo, kuandika daftari la maabara ambalo mtu mwingine anaweza kulifuata, kukaa na jaribio lililoshindikana mara kumi bila kuligeuza liseme unachotaka. Shule ya udaktari inakufundisha kuamua haraka ukiwa na habari pungufu, na ni lazima, mgonjwa yuko mbele yako. Mafunzo ya utafiti yanakufundisha kuchelewa kuamua. Mtu mmoja kubeba tabia zote mbili, na kujua ni wakati gani atumie ipi, ndilo jambo gumu hasa katika njia unayoitaka. Halifunzwi kwa semina ya siku mbili.

Kwa hiyo, sasa au baadaye?

Njia anayokupendekezea mhadhiri ipo na ina historia. Tangu mwaka 1964 serikali ya Marekani imekuwa ikifadhili programu zinazounganisha udaktari na uzamivu: miaka kama miwili ya darasani, kisha uzamivu wa miaka kama minne, kisha wodi. Jumla yake huwa karibu na miaka 8. Faida yake ni kubwa. Unajifunza sayansi akili ikiwa changa na majukumu ni machache, na mara nyingi ada inalipwa na posho ipo. Hasara yake nayo ni ya kweli. Unarudi wodini baada ya miaka minne ukiwa umesahau jinsi ya kusikiliza kifua, wenzako wa mwaka wako wameshakuwa madaktari wanaokusimamia. Ukihitimu bado una mafunzo ya vitendo na ya ubingwa mbele yako, na katika miaka hiyo sayansi uliyoisoma inasonga bila wewe. Tena swali ulilolisomea uzamivu ukiwa mwaka wa tatu laweza lisihusiane kabisa na ubingwa utakaoupenda baadaye.

Njia ya baba yako, kumaliza kwanza, ina nguvu yake. Daktari aliyekwisha kuwahudumia wagonjwa miaka kadhaa huuliza swali zito zaidi, na Ulaya na kwingineko wengi huchukua uzamivu katikati ya ubingwa au baada yake. Pale ninapotofautiana na mzee ni kwenye hayo maneno "mengine yatafuata". Hayafuati yenyewe. Yanayofuata yenyewe ni zamu, mkopo, ndoa, watoto, na hospitali isiyotaka kukuachia kwa sababu ina upungufu wa madaktari. Mwaka 1979 James Wyngaarden aliwaandika madaktari watafiti wa Marekani kama viumbe walio hatarini kutoweka, na hiyo ilikuwa nchi yenye fedha na maabara za kila aina. Walikuwa wakipotea polepole, kila mmoja akiahirisha mwaka mmoja tu.

Katikati ya hizo mbili kuna njia ambayo watu huisahau: mwaka mmoja kamili wa utafiti ndani ya udaktari, wenye shahada yake ndogo au ya uzamili, kama ilivyo desturi kwa wanafunzi wengi wa Uingereza. Palipo na mpango wa namna hiyo, au panapowezekana kuuombea, kwa mtu aliye mahali ulipo wewe ningeuchagua huo. Ni mrefu kutosha kukuonyesha maisha yenyewe, pamoja na ile miezi ambayo hakuna kinachofanya kazi. Ni mfupi kutosha usipoteze mikono yako ya kitabibu. Mwisho wake utajua kama ulipenda utafiti au ulipenda wazo la kuwa mtafiti, na ukichagua uzamivu baadaye utauchagua ukiwa unajua unachokinunua. Ukimaliza mwaka huo na kuona si wewe, hujapoteza kitu. Utakuwa daktari anayejua kusoma makala ya kisayansi kwa jicho kali, na wagonjwa wako watafaidi.

Kusimamisha masomo kwa ajili ya uzamivu ningekuunga mkono kama mambo manne yako kwenye karatasi, si kwa mdomo: nafasi yako ya kurudi mwaka wa nne, ufadhili wa miaka yote, msimamizi zaidi ya mmoja, na namna ya kuendelea kuhudhuria kliniki hata nusu siku kwa wiki. Likikosekana hata moja, subiri. Ushauri wa mhadhiri mmoja, hata awe mwema vipi, hautoshi. Yeye anahitaji mikono ya kufanya kazi yake, na hilo si dhambi, lakini ulijue.

Hapa nifike kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko hilo la lini, nalo ni nani atakayekulea. Umesema kazi yako ni kunakili namba. Je, umewahi kuambiwa swali la utafiti ni lipi? Umeliona andiko lenyewe, na barua ya ruhusa ya kamati ya maadili? Unajua data hiyo itajibu nini na haiwezi kujibu nini? Kama hapana, muulize wiki hii, kwa adabu: "Mwalimu, ningependa kuelewa kazi nzima ili ninakili kwa akili." Msimamizi mzuri atafurahi na atakuketisha. Akikupuuza, umejifunza jambo muhimu kabla hujampa miaka minne.

Mwulize pia akuonyeshe utafiti wake mmoja ambao haukufanikiwa, na alifanya nini baada ya hapo. Kisha watafute waliokwisha kusimamiwa naye, hasa walioondoka kabla ya kumaliza, uwaulize alikuwa anapatikana mara ngapi, majina ya wanafunzi yalikaa wapi kwenye machapisho, na aliwahi kumruhusu mtu kumwambia amekosea. Sifa za maabara na wingi wa machapisho vije baadaye. Mwaka 1916 mwanafunzi wa udaktari Jay McLean alikuwa katika maabara ya William Howell akitafuta kitu kinachogandisha damu, akakuta kinachoizuia isigande. Utafiti huo ndio chimbuko la heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Wengi wangeyatupa matokeo kama hayo kwa kuyaona makosa. Inasaidia sana kuwa na mkubwa wa kumwonyesha jambo la ajabu, ambaye hatakukejeli na hatakuamini upesi. Tena ilipita karibu miongo miwili kabla heparini haijaanza kutumika kwa wagonjwa, kwa hiyo usiogope polepole.

Usikimbilie idadi ya machapisho. Majarida yanayokuandikia barua pepe ya kukusifu, yakaahidi kuchapisha ndani ya siku chache ukilipa, hayatakusaidia na jina lako litabaki humo. Wala usikubali jina lako liwekwe kwenye kazi usiyoifanya, au kulijaza pengo la data kwa kukisia kwa sababu mtu anasubiri jedwali. Ukilazimishwa kufanya hivyo, ondoka, na kabla ya kuondoka mweleze mtu unayemwamini katika uongozi wa chuo.

Yapo ambayo mimi siwezi kuyaamua nikiwa mbali nawe. Kanuni za chuo chako kuhusu kusimamisha masomo, hatima ya mkopo au ufadhili wako, na uhai wa nafasi yako ni mambo ya kwenda kuuliza ana kwa ana ofisi ya taaluma, na kuondoka na jibu la maandishi. Tafuta pia daktari mmoja anayetibu na kutafiti kwa pamoja, umwombe umfuate kwa wiki nzima: uone kliniki yake, uone anavyoandika maombi ya fedha yanayokataliwa, uone saa anayorudi nyumbani. Wengi hawaombwi, na hukubali. Na kama hofu hii imefika mahali hulali, huli vizuri, au umepoteza hamu hata ya yale uliyoyapenda, usingoje kuamua lolote kwanza. Nenda ukamwone mshauri wa wanafunzi au daktari. Uamuzi wa miaka 8 haufanywi na mtu aliyechoka hivyo.

Baba yako mshirikishe kwa namna tofauti. Usimwambie "nataka kusimamisha udaktari". Mweleze yule mgonjwa wa kwanza na yule wa kitanda cha pili, na kwamba hakuna mtu hapo wodini aliyeweza kukupa jibu. Nadhani atakusikiliza. Kisha rudi kwenye yale mafaili yako na uangalie wagonjwa wangapi wana historia kama zao, maana huenda utafiti wako wa kwanza umo humo tayari.